Mtu, dhamiri na kadi ya chama: Kisa cha Bernard Membe wa Rondo

UWANDA wa juu wa Rondo, magharibi mwa mji wa Lindi, unajulikana na wanasayansi kwa msitu wake wa hifadhi na kwa komba mdogo anayebeba jina la mahali hapo. Wazee wanaukumbuka kwa mivule iliyokatwa na kampuni ya Kiingereza katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Wakazi wake wa leo wanaishi kwa korosho, ufuta na mihogo. Ni huko, katika kijiji cha Chiponda, alikozaliwa Novemba 9, 1953 na alikozikwa Mei 2023 mwanasiasa aliyeilazimisha nchi kulijadili swali ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likikwepwa: mwanachama anapotofautiana na chama chake, wajibu wake ni upi, na anawajibika kwa nani?

Swali hilo si la Tanzania peke yake. Katika Marekani, taifa ambalo Bw. Bernard Kamillius Membe alisoma shahada yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwanzoni mwa miaka ya 1990, swali hilo hilo limewagawa watu hadi ndani ya familia. Yapo mambo mawili katika mwezi mmoja yanayofaa kuwekwa pamoja, ingawa hayakuwa na uhusiano wowote.

Februari 5, 2020, Seneta Mitt Romney wa jimbo la Utah alisimama katika Seneti mjini Washington na kupiga kura ya kumtia hatiani Rais Donald Trump katika shtaka la kutumia madaraka vibaya. Hakuna seneta aliyekuwa amewahi kufanya hivyo dhidi ya rais wa chama chake katika historia ya nchi hiyo. Alieleza kwamba alikula kiapo mbele ya Mungu na kwamba dhamiri yake haikumruhusu kufanya vinginevyo. Februari 28 ya mwezi huo huo, Kamati Kuu ya Chama Cha Mapinduzi (CCM) ilitangaza, kupitia Katibu wake wa Itikadi na Uenezi wa wakati huo, Bw. Humphrey Polepole, kwamba imemfukuza uanachama Bw. Membe.

Bw. Romney alitukanwa na wanachama wenzake, lakini aliendelea kuwa seneta hadi Januari 2025, alipoondoka kwa hiari yake baada ya kuamua kutogombea tena. Bw. Membe, ambaye wakati huo hakuwa na wadhifa wowote wa umma, alipoteza kitu ambacho kwa mujibu wa sheria za Tanzania ndicho mlango pekee wa kuingilia katika siasa: kadi.

Kuielewa tofauti hiyo kunahitaji kuanza na Katiba. Ibara ya 39 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 67 inaweka sharti kama hilo kwa mbunge. Ibara ya 71 inakwenda mbali zaidi: mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti chake kinakuwa wazi. Ni kusema kwamba maelfu ya wananchi wanaweza kumchagua mtu, na kikao cha watu wachache wa chama chake kikamwondoa bila wananchi hao kuulizwa.

Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulipinga jambo hilo mahakamani. Mwaka 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alikubaliana naye kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Mwaka huo huo Serikali ilipeleka bungeni marekebisho ya 11 ya Katiba yaliyoufunga mlango ambao jaji alikuwa ameufungua. Mchungaji Mtikila alirudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa tena ushindi. Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo mwaka 2010 kwa hoja kwamba suala hilo ni la kisiasa na linapaswa kuamuliwa na Bunge. Hakukata tamaa. Alikwenda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na Juni 14, 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania inakiuka haki za raia wake kwa kumzuia mgombea binafsi. Mchungaji huyo alifariki dunia kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu tu kabla ya uchaguzi mwingine uliofanyika chini ya kanuni ile ile aliyoipinga.

Marekani hali ni kinyume. Chama hakina uwezo wa kumvua mtu ubunge wala useneta, na mara nyingi hakina hata uwezo wa kumzuia kugombea kwa jina lake, kwa sababu wagombea wanateuliwa na wapiga kura katika kura za awali. Adhabu ipo, lakini inatolewa na wananchi wenyewe. Bi. Liz Cheney wa Wyoming, binti wa aliyekuwa Makamu wa Rais Dick Cheney, aliivuliwa nafasi ya uongozi katika kundi la wabunge wa Republican Mei 2021 kwa kuendelea kusema kwamba Bw. Trump alishindwa kihalali. Novemba mwaka huo kamati ya chama ya jimbo lake ikapiga kura kwamba haimtambui tena kuwa mwanachama. Hakupoteza kiti. Alikipoteza Agosti 2022, wapiga kura wa Republican wa Wyoming walipomkataa kwa tofauti kubwa.

Kati ya wabunge 10 wa Republican waliopiga kura Januari 2021 ya kumfikisha Bw. Trump mbele ya Seneti, wanne walistaafu, wanne waliangushwa katika kura za awali, na wawili tu ndio waliorejea bungeni baada ya uchaguzi wa 2022. Hivyo msomaji asidhani kwamba mfumo wa Marekani unailinda dhamiri ya mtu. Unachofanya ni kuuhamisha upanga kutoka mikononi mwa kamati na kuukabidhi kwa wafuasi wenye ari kubwa zaidi, ambao ndio wanaojitokeza kwa wingi katika kura hizo za awali. Wafuasi wa namna hiyo nao hawasamehi haraka.

Hapa inafaa kusemwa pia kwamba maneno "wajibu wa mtu binafsi" hayana maana moja katika nchi hizi mbili. Mmarekani anayasikia na kufikiria mkate: nani amlishe asiye na kazi. Sheria ya mwaka 1996 iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton na kuweka ukomo wa misaada kwa familia maskini ilibeba maneno hayo katika jina lake. Mtanzania anafikiria zaidi cheo: nani ajiuzulu mambo yakiharibika. Mfano unaotajwa kila mara ni wa mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 baada ya raia kufa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga, ingawa yeye mwenyewe hakuwako wala hakutoa amri. Miaka minane baadaye alikuwa Rais. Februari 2008 Bw. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kutokana na mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond.

Lakini kuwajibika kwa kuondoka ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili, ambayo ndiyo ngumu, ni kuwajibika kwa kusema. TANU, na baadaye CCM, iliwafundisha wanachama wake ahadi yenye mambo mawili yaliyofungwa pamoja: kusema kweli daima, na kuihesabu fitina kuwa mwiko. Aliyeitunga huenda hakuona mgongano wowote. Waliokuja kuitumia waliuona, kwa kuwa ukweli unaosemwa na mmoja mara nyingi huitwa fitina na mwingine, na aliye na uwezo wa kuamua ni lipi kati ya hayo mawili ndiye aliyeshika rungu.

Historia ya jambo hilo ni ndefu. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, akiwamo Bw. Joseph Kasella Bantu, nao wakapoteza viti vyao. Mwaka 1984 Bw. Aboud Jumbe alilazimika kuachia nyadhifa zake zote mjini Dodoma kutokana na msimamo wake kuhusu muundo wa Muungano. Mwaka 1988 ilikuwa zamu ya Maalim Seif Sharif Hamad kufukuzwa CCM. Machi 1997 Bw. Horace Kolimba, aliyepata kuwa Katibu Mkuu wa chama hicho, aliitwa Dodoma ajieleze kwa kauli yake kwamba chama kimepoteza dira. Alizidiwa ghafla wakati akihojiwa na akafariki dunia.

Bw. Membe hakuonekana kuwa mtu wa orodha hiyo. Alisoma shule ya msingi Rondo, akapitia seminari ya Namupa mkoani Lindi na ile ya Itaga mkoani Tabora, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifanya kazi ya ubalozi Ottawa, Canada, hadi mwaka 2000 aliporudi kugombea ubunge wa Mtama, jimbo ambalo Rondo imo ndani yake, na akalishikilia kwa miaka 15. Januari 2007 Rais Jakaya Kikwete alimteua kuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuchukua nafasi ya Dk. Asha-Rose Migiro aliyekwenda Umoja wa Mataifa. Alidumu katika wizara hiyo hadi mwisho wa utawala wa Rais Kikwete mwaka 2015. Alikuwa, kwa maneno mengine, mtu wa ndani kabisa.

Nyufa za kwanza zilionekana Februari 2014, CCM ilipowapa adhabu makada sita kwa kuanza kampeni za urais kabla ya wakati. Bw. Membe alikuwa miongoni mwao, pamoja na Bw. Lowassa, Bw. Frederick Sumaye, Bw. Stephen Wasira, Bw. January Makamba na Bw. William Ngeleja. Wote walizuiwa kwa miezi 12. Julai 2015 Bw. Membe aliingia katika tano bora ya wagombea urais mjini Dodoma, lakini hakuvuka kuingia tatu bora. Aliyeteuliwa alikuwa Dk. John Magufuli.

Kikao hicho cha Julai 2015 kilizaa mgawanyiko ambao matokeo yake yanafaa kutazamwa kwa makini. Jina la Bw. Lowassa lilikatwa mapema, na wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Dk. Emmanuel Nchimbi, Bi. Sophia Simba na Bw. Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi huo. Bw. Lowassa alihamia CHADEMA, akagombea kwa mwavuli wa UKAWA na kupata kura 6,072,848 dhidi ya 8,882,935 za Dk. Magufuli. Machi 2017 chama kilitoa hukumu kwa wale watatu waliosema neno moja, mahali pamoja, siku moja. Bi. Simba alifukuzwa, Dk. Nchimbi akapewa onyo kali, na Bw. Kimbisa akasamehewa. Miaka minane baada ya onyo hilo, Novemba 2025, Dk. Nchimbi aliapishwa kuwa Makamu wa Rais. Bw. Lowassa mwenyewe alirejea CCM Machi 2019 na alizikwa kwa heshima zote za kitaifa baada ya kufariki dunia Februari 2024.

Hukumu tatu kwa kosa moja zilijirudia katika sakata lililomhusu Bw. Membe, na kwa kiasi kikubwa zaidi.

Desemba 2018, Katibu Mkuu wa CCM wa wakati huo, Dk. Bashiru Ally, akiwa ziarani mkoani Geita, alimtaka Bw. Membe hadharani afike ofisini kwake kujieleza kuhusu tuhuma kwamba anaandaa mipango ya kumkwamisha Rais Magufuli katika uchaguzi wa 2020. Tuhuma hizo zilikuwa zimeenezwa na Bw. Cyprian Musiba, mchapishaji wa gazeti la Tanzanite aliyejiita mwanaharakati huru. Bw. Membe alimfungulia Bw. Musiba kesi ya kashfa. Julai 2019 makatibu wakuu wawili wastaafu wa CCM, Bw. Abdulrahman Kinana na Mzee Yusuf Makamba, waliandika waraka kwa baraza la viongozi wastaafu wa chama wakilalamikia kuchafuliwa majina na mtu huyo huyo, huku chama chao kikikaa kimya. Siku chache baadaye sauti za mazungumzo ya simu ya makada hao na wengine, wakiwamo Bw. January Makamba, Bw. Ngeleja na Mbunge wa Mtama aliyempokea Bw. Membe kijiti, Bw. Nape Nnauye, zilisambaa nchi nzima.

Swali la nani aliyezirekodi simu hizo, na kwa idhini ya nani, lilistahili kuwa la kwanza kuulizwa. Halikuulizwa na waliokuwa na uwezo wa kulijibu. Kilichotazamwa ni yaliyosemwa.

Septemba 2019 Rais Magufuli alitangaza kwamba Bw. January Makamba na Bw. Ngeleja wamemwomba msamaha na amewasamehe. Septemba 10, Bw. Nnauye naye alikwenda Ikulu, akaomba msamaha mbele ya kamera na kusamehewa. Desemba mwaka huo Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Mwanza, iliagiza Bw. Membe, Bw. Kinana na Mzee Makamba waitwe mbele ya kamati ya maadili. Februari 2020 hukumu ikatoka: Mzee Makamba alisamehewa, Bw. Kinana akapewa adhabu ya karipio na kuzuiwa kugombea uongozi kwa miezi 18, Bw. Membe akafukuzwa. Maelezo ya chama yaligusa mwenendo wake tangu mwaka 2014.

Kwa Bw. Nnauye kwenda Ikulu hakukuwa jambo dogo, na si haki kulicheka. Alikuwa na kiti na alikuwa na wapiga kura, wengi wao wakulima wa korosho wa maeneo kama Rondo. Juni 2018 wabunge wa kusini, yeye akiwa miongoni mwao, walikuwa wamepambana bungeni kupinga mabadiliko ya sheria ya fedha yaliyochukua asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, fedha zilizokuwa zikienda kuendeleza zao hilo, na kuziingiza zote katika mfuko mkuu wa Serikali. Walishindwa. Novemba mwaka huo bei ikawa mgogoro, Rais akaagiza jeshi lisombe korosho na Serikali izinunue kwa Sh 3,300 kwa kilo, na baadhi ya wakulima walisubiri malipo yao kwa muda mrefu. Mbunge aliyefukuzwa chama katika kipindi kama hicho asingeweza kusema lolote juu ya korosho bungeni, kwa sababu asingekuwa bungeni. Hapo ndipo Ibara ya 71 inapomkaba mtu: anayeinamisha kichwa anaweza kuwa analinda tumbo lake, na anaweza pia kuwa analinda sauti ya watu wake. Aliye nje hawezi kujua ni lipi, na pengine hata mhusika mwenyewe hana uhakika.

Bw. Membe hakuwa na kiti cha kulinda. Hilo linapunguza kidogo sifa ya ushujaa ambayo mashabiki wake walimpa kwa kukataa kupiga magoti. Halifuti ukweli kwamba alikataa. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kesi yake ya kashfa kwa kumpa ushindi, ikiamuru alipwe Sh bilioni 9. Hivyo katika jambo lililoanzisha ugomvi wote, yaani kwamba alikuwa akisingiziwa, mahakama ilikubaliana naye, mwaka mmoja na miezi minane baada ya chama chake kumfukuza.

Yaliyofuata baada ya kufukuzwa, hata hivyo, yanaonyesha upande mwingine wa wajibu wa mtu binafsi, na hapa Bw. Membe hawezi kuhesabiwa kuwa mwathirika tu. Julai 2020 alijiunga na ACT-Wazalendo. Agosti 5 mkutano mkuu wa chama hicho ulimpitisha kugombea urais. Wiki chache kabla ya uchaguzi, viongozi wakuu wa chama hicho, Maalim Seif na Bw. Zitto Kabwe, waliwaambia wafuasi wao wampigie kura Bw. Tundu Lissu wa CHADEMA ili kura za upinzani zisigawanyike. Bw. Membe aliitisha waandishi wa habari na kusema kwamba yeye bado ni mgombea.

Nani alikuwa sahihi? Kwa kanuni, yeye. Mgombea aliyepitishwa na mkutano mkuu haondolewi kwa kauli za viongozi wawili jukwaani, hata kama ni viongozi wakubwa kiasi gani. Ni mantiki ile ile aliyoilalamikia CCM: mtu asiondolewe bila utaratibu. Kwa siasa, hata hivyo, mambo yalikuwa tofauti. Mgombea asiyeonekana sana katika majukwaa ya kampeni, ambaye chama chake mwenyewe hakimuombei kura, alikuwa amebaki na haki bila watu. Matokeo rasmi ya Oktoba 28, 2020 yalimpa kura 81,129, chini ya asilimia moja. Bw. Lissu alipewa 1,933,271 na Rais Magufuli 12,516,252. Upinzani uliyakataa matokeo hayo. Januari 2021 Bw. Membe aliondoka ACT-Wazalendo.

Chama hicho hakikuwa na hatia ndogo. Kilimpokea mtu kwa sababu ya jina lake na uwezo wake wa kuvuta makada wa CCM, si kwa sababu ya makubaliano juu ya sera, na makada hao walipokosa kuja kikamwacha njiani. CHADEMA ilikuwa imefanya biashara ya aina hiyo na Bw. Lowassa mwaka 2015. Ilipata kura nyingi, lakini ilibidi kwa miezi kadhaa imtetee mtu ambaye ilikuwa imemshambulia kwa miaka.

Rais Magufuli alifariki dunia Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan alipoushika uenyekiti wa CCM, milango ilifunguka upya. Aprili 2022 Bw. Kinana, aliyekuwa amepewa karipio miaka miwili kabla, alichaguliwa kuwa Makamu Mwenyekiti wa chama upande wa Bara. Bw. Makamba na Bw. Nnauye walirudi katika Baraza la Mawaziri. Mwaka huo wa 2022 Bw. Membe alirejeshewa uanachama. Alikuwa na mwaka mmoja tu wa kuufurahia. Alifariki dunia Mei 12, 2023 jijini Dar es Salaam, na mwili wake ukasafirishwa hadi Rondo.

Jambo moja halikubadilika katika mzunguko huo wote. Makosa hayakufanyiwa uchunguzi ulio huru, na msamaha nao haukutolewa kwa utaratibu unaoeleweka. Aliyefukuza alikuwa mwenyekiti na vikao vyake, na aliyerudisha alikuwa mwenyekiti mwingine na vikao vyake. Kadi ya Bw. Membe iliondoka na kurudi bila Katiba ya nchi kubadilika hata neno moja. Mwanachama wa kawaida wa Mtama aliyetaka kujua ni kosa gani hasa linamfukuzisha mtu, ili naye alikwepe, hakupata jibu mwaka 2020 na hakulipata mwaka 2022.

Upinzani haukuonyesha njia iliyo bora. Novemba 2020 CHADEMA iliwafukuza wanachama wake 19 wanawake, wakiongozwa na Bi. Halima Mdee, walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu bila baraka za chama. Kwa kusoma Ibara ya 71, viti hivyo vingekuwa wazi. Walibaki bungeni hadi Bunge hilo lilipomaliza muda wake mwaka 2025. Kwa upande mwingine, kati ya 2017 na 2019 wabunge kadhaa wa upinzani, kama Bw. Maulid Mtulia wa Kinondoni, Dk. Godwin Mollel wa Siha, Bw. Mwita Waitara wa Ukonga na Bw. Julius Kalanga wa Monduli, walijiuzulu, wakajiunga na CCM na kurudishwa katika viti vile vile kwa chaguzi ndogo zilizolipiwa na walipa kodi. Wengi walisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Kanuni inayomtisha mwenye kuhoji haikuwazuia wenye kuhama, alimradi uelekeo wa safari ulikuwa ni ule unaotakiwa.

Mwaka 2025 kisa cha Bw. Membe kilipata mrithi. Bw. Luhaga Mpina, aliyekuwa Mbunge wa Kisesa kwa tiketi ya CCM na mkosoaji wa Serikali kutoka ndani, aliachwa katika uteuzi wa chama chake. Agosti alihamia ACT-Wazalendo, akapitishwa kugombea urais. Jina lake liliondolewa, likarudishwa na Mahakama Kuu, kisha likaondolewa tena na Tume ya uchaguzi Septemba, kabla ya kampeni kufika mwisho. Bw. Lissu alikuwa gerezani tangu Aprili akikabiliwa na shtaka la uhaini. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 29 na kufuatiwa na ghasia na vifo.

Hukumu ya Mahakama ya Afrika katika shauri la Mchungaji Mtikila ilikuwa imetimiza miaka 12. Hakukuwa na mgombea binafsi hata mmoja, wa urais wala wa ubunge, katika jimbo la Mtama au katika jimbo lingine lolote nchini.